Marehemu Anaendelea Kukopa kwa Jina Langu

Ibra, Oman, 14 Oktoba 2003. Leo ni miaka kumi na miwili na miezi mitatu tangu nilipopanda treni Tabora kuja huku.

Mpendwa Bi Tamima, mshauri wa wasomaji,

Naomba msaada wako kabla sijatia sahihi karatasi moja ambayo nikishaitia sitakuwa na cha kula mpaka nife. Mimi niliishia darasa la nne, nisamehe nikiandika kama ninavyosema. Safu yako niliisoma kwenye gazeti lililofungiwa dagaa alioniletea msafiri wa Kigoma, nikalinyoosha lile gazeti na mafuta yake nikasoma mpaka mwisho, nikasema huyu mama habembelezi mtu, huyu ndiye nitakayemwandikia.

Naitwa Ishak. Babu yangu alitoka hapa Ibra akafia Tabora, na kwa jina lake nikapata uraia wa huku mwaka 1994, lakini uraia haukunipa kazi ya kalamu, nilibeba matofali kama wengine, mpaka 1999 nilipoanguka kutoka ghorofa ya pili ya nyumba tuliyokuwa tunajenga, nyonga ikavunjika, ikaunga vibaya, na tangu hapo natembea kwa fimbo na serikali inanipa maashi ya wasiojiweza, riyali arubaini na nne kila mwezi, zinaingia benki. Ndizo hizo tu, sina nyingine. Kumi na mbili kodi ya chumba, nyingine chakula, kidogo namtumia mke wangu Hamda aliyebaki Tabora kumtazama mama yake kipofu, na kidogo nilikuwa naweka kwenye kopo la maziwa kwa ajili ya tiketi, maana Hamda sijamwona tangu nilipokwenda Tabora mara moja 1996.

Chumbani tulikuwa wawili, mimi na Mahrous, mtu wa Ujiji ambaye naye babu yake alikuwa wa huku. Alikuwa mrefu, kanzu zote zilimwishia juu ya kifundo cha mguu, na chai alikuwa anaitia chumvi badala ya sukari, tukimcheka anasema sukari ni ya watoto. Mimi aliniita mtu wa reli, kwa sababu Tabora ndipo reli inapogawanyika, hakuna mwingine aliyeniita hivyo. Alikuwa mkarimu kwa pesa za watu, nasema kweli ingawa ni marehemu, akikopa kumi anakugawia nne.

Mwezi wa pili mwaka huu alikwenda Sur kupaka nyumba rangi kwa wiki mbili. Siku ya sita alikula chakula cha mchana, akakaa kwenye kivuli cha ukuta, akafunga macho, wenzake walipomwita warudi kazini wakakuta amekwisha kufa. Wakamleta Ibra kwa sababu ndugu zake wote wako Ujiji na mtu wa kumjua alikuwa mimi peke yangu. Nilimwosha kwa mikono yangu, Bi Tamima. Niliona kovu la kidole gumba alilolipata akipasua nazi. Nayaandika haya usije ukadhani nilizika mtu mwingine.

Sasa sikiliza kosa langu. Tulipokwisha kupanga safu kwa sala ya jeneza, imamu aligeuka akauliza kama maiti ana deni. Akauliza tena, na hakusogea mbele kusalisha, alisimama anatutazama, na jua lilikuwa linatuchoma na yule mtu amelala pale na hana hata binamu, nikaona aibu, nikainua fimbo nikasema mwenye kumdai Mahrous aje kwangu, nimelibeba mimi. Wakasema Allah akulipe kheri, akasaliwa, akazikwa, kila mtu akaenda zake.

Wenyeji wa mtaa huu hawafanyi hivyo nusunusu. Akishasema mtu maneno yale, anakaa siku tatu kwenye sabla, ule ukumbi wa mtaa wanaokalia matanga, anapokea watu na madai yao, na siku ya tatu baada ya Alasiri anasimama anasema matanga yamekwisha, na hapo mlango wa madai umefungwa. Mimi sikukaa. Sikuwa na pesa ya kahawa wala halua ya kuwapa watu, nikasema matanga ya mtu asiye na jamaa nimkalie nani, nikarudi chumbani nikalala. Kwa hiyo matanga ya Mahrous hayajafungwa mpaka leo.

Wiki ya kwanza walikuja watu watatu, na hao nawaamini. Bibi Khulood anayeuza nguo kwenye soko la wanawake la siku ya Jumatano, riyali thelathini na tano. Fundi mmoja wa magari wa Sur, tisini. Na Musallam mwenye duka la vyakula hapa mtaani, mia mbili na kumi. Bibi Khulood alilia, akaniambia, “Mwanangu, mie sikuja kukudai, nimekuja kukwambia tu, usije ukasikia kwa watu.” Musallam hakulia. Yeye ni mtu wa Unguja, aliondoka kule kijana mwaka 1964 na Kiswahili chake kama cha jana, akaniambia, “Bwana Ishak, ulimi wako mie sikuushika. Ulisema mbele ya watu wazima. Nipe kadi yako ya benki na zile namba zake, maashi yakiingia mie nichukue, wewe nitakupa cha kula dukani na kodi ya chumba, tusisumbuane.” Nikampa. Najua utanigombeza.

Mwezi wa tatu nilikwenda dukani nikaomba sukari, Musallam akafungua daftari akasema sukari ya mwezi huu imekwisha kuchukuliwa. Nikauliza na nani. Akasema, “Na mwenzio.” Mwenzangu yupi? “Mwenzio mrefu. Kasema iandikwe kwako.” Nikacheka nikidhani ni mzaha, yeye hakucheka. Ukurasa ulikuwa na tarehe, siku tisa baada ya maziko.

Tangu hapo imekuwa hivyo. Nikikosa kitu, kinachukuliwa kwa deni mahali fulani. Niliacha kununua sabuni, ikaja karatasi kutoka Sur, sabuni vipande sita. Kandambili zangu zikakatika, nikawa nasafisha mguu jioni nautoa miba, Alhamisi ile ile mtu wa duka la Nizwa akatuma salamu kwa dereva wa teksi kwamba kandambili jozi moja, namba arubaini na tatu, deni la Ishak wa Tabora. Namba arubaini na tatu ni mguu wangu. Mahrous alikuwa anavaa arubaini na sita. Vitu vyenyewe sijaviona hata kimoja.

Mwezi wa saba nikasema potelea mbali, nikapanda teksi ya abiria mpaka Nizwa nikamwone huyo mtu wa duka. Nilifika karibu na Adhuhuri, jua limesimama kichwani, soko watu wanafunga milango, na katika kichochoro kile cha wauza kamba na masufuria hapakuwa na mtu hata mmoja isipokuwa kijana mwenye duka, jina lake Khattab, amezaliwa huku huku na Kiswahili chake ni cha kuokota kwa mama yake. Kabla sijasema salamu akaniambia, “Karibu, karibu, kikombe hii ya wewe.” Juu ya meza palikuwa na kikombe cha chai na moshi unatoka.

Nikamuuliza nani kaniwekea chai. Akasema, “Yeye sasa hivi ametoka. Amesema wewe unakuja na fimbo.”

Nikasema mimi sikumwambia mtu yeyote kama nakuja Nizwa. Khattab akainua mabega. Nikatoka mlangoni nikatazama kichochoro upande huu na upande huu, cheupe kitupu, hata paka hakuna. Nikarudi nikaonja ile chai. Ilikuwa na chumvi.

Nikamuuliza Khattab, je, chai hii kailipia? Akasema, “La, la. Amesema wewe utalipa.”

Bi Tamima, nililipa. Baisa mia, sehemu ya kumi ya riyali. Sikujua la kufanya jingine.

Sasa madai yote yamefika riyali mia sita na kumi, ingawa Musallam anachukua kila mwezi, na maashi yangu ni yale yale. Yule fundi wa Sur ametuma maneno kwamba atanipeleka mahakamani nifungwe. Musallam ameandika karatasi, anasema niitie sahihi Jumamosi ya kwanza baada ya Idi ya Ramadhani, kwamba maashi yangu yote yawe yake na yeye ndiye atakayewalipa wengine, mpaka madai yaishe, na nikimuuliza yataisha lini anasema, “Hayo muulize mwenzio.” Upande mmoja naona nilitoa neno mbele ya maiti na roho yake inaning'inia kwa deni, nikikataa nitakutana naye kesho akhera atanishika kanzu. Upande wa pili nina njaa. Kopo la tiketi nimelifungua mara mbili. Na jambo moja nimeona haya kulisema juu huko nalisema hapa, kwamba siku nyingine namngojea. Nakaa na mlango wazi mchana kutwa, nataka nimwulize, Mahrous, kwa nini unachukua vitu vyangu, mimi ndiye niliyekubeba.

Nijibu upesi gazetini, msafiri wangu ataniletea. Kama kuna la haraka, namba ya simu ya duka la Musallam nimeiandika nyuma ya bahasha, uliza Ishak, wataniita.

Hamda nimemwambia nategemea kurudi mwisho wa mwezi wa kwanza mwakani, kabla ya Idi ya kuchinja, Mungu akipenda.

Ishak, Ibra

MSHAURI ANAJIBU

Ishak mwanangu,

Barua yako niliisoma mara mbili, mara ya pili niliinuka nikafunga dirisha, na ilikuwa saa nne ya asubuhi. Pole kwa kumwosha rafiki yako peke yako. Wangapi wangefanya? Hilo ni lako na thawabu yake ni yako. Ila kumpa mwenye duka kadi ya benki pamoja na namba za siri, hilo ni la mtu aliyechoka mpaka akili ikakaa chini. Nakugombeza kama ulivyotegemea, na sasa tuendelee.

Maiti havai kandambili. Basi kuna mambo matatu. Ama wenye maduka wanakuandikia vitu ambavyo hakuna aliyevichukua. Ama yuko mtu mzima wa nyama na damu, mrefu, aliyewahi kukaa na Mahrous, akajua mambo yenu, na sasa anatembea na jina lako. Ama ni Mahrous. Mimi sijui ni lipi, na nakwambia huna haja ya kujua, kwa sababu katika yote matatu jibu ni moja: deni lililofanywa baada ya maziko si deni la marehemu, na wewe ulibeba deni la marehemu. Chai ya Nizwa ulikosea kuilipia. Usilipe nyingine.

Niliipiga ile namba nyuma ya bahasha. Nimekuwa nikipima kama nikwambie au nisikwambie, nimeona nikwambie. Alipokea mwanamume. Hakuwa mtu wa Unguja, matamshi yake yalikuwa ya kule kwa watu wa ziwani. Nikamwomba Ishak. Akasema, taratibu kabisa, “Mtu wa reli hayupo. Nimwambie nini?” Nikakata simu. Sikumuuliza jina, na mpaka leo sijui kama najuta. Lakini ninalolijua ni hili: yeyote yule, yuko mahali ilipo kadi yako. Kwa hiyo kabla ya jambo lolote, siku ile ile unayosoma maneno haya, shika fimbo yako uende benki, si dukani. Sema kadi imetoka mikononi mwako, wakupe nyingine, ubadilishe namba, na namba hizo asizijue hata Hamda. Usimwombe Musallam akurudishie. Mwache abaki na kipande cha plastiki.

La pili. Tuna mzee hapa mjini, amestaafu, aliwahi kuwa karani wa mahakama huko huko Maskati. Nilimsomea barua yako. Alisema pesa ambayo serikali inampa asiyejiweza ni ya kumweka hai, na kwa kawaida mwenye kudai hawezi kwenda kuikata benki kama anavyokata mshahara. Ila, akasema, wewe mwenyewe ukienda ukaitoa kwa hiari na sahihi yako, nani atakurudishia? Umeona? Musallam anaihitaji sahihi yako kwa sababu kadi unaweza kuifunga siku yoyote, na bila sahihi hana njia nyingine. Angekuwa nayo asingekubembeleza mpaka Idi. Usitie sahihi. Usitie kidole. Usitie hata alama ya kuonyesha umeisoma. Wala usikope kwa mwingine ili umlipe huyu. Nenda ofisi ile inayokupa maashi, waeleze, uwaombe barua inayosema pesa hii ni ya nini na nani haruhusiwi kuigusa. Usichukue neno langu wala la mzee wangu, chukua lao, lenye mhuri. Yule fundi wa Sur akitaka mahakama, mwambie karibu. Utakwenda na barua hiyo na nyonga yako, na hakimu atayaona yote mawili.

Sasa wale watatu wa mwanzo. Hao ni wa kweli na neno lako kwao ni la kweli, nami sitakufundisha kulikimbia. Lakini kubeba deni hakumaanishi kufa nalo. Waandikie ndugu za Mahrous huko Ujiji, wao ndio warithi, na kama kuna ujira wa Sur ambao hakuwahi kuuchukua, huo unalipa madeni kabla ya mtu yeyote kurithi kitu. Mpaka hapo, mwambie kila mmoja wa watatu ukweli: napata arubaini na nne, nakula hivi, nalipa kodi hivi, kilichobaki ni hiki. Kikibaki riyali moja, mpe Bibi Khulood, kwa sababu alilia. Kisipobaki kitu, sema hakuna, na ulale usingizi. Mungu anakuona unavyoishi. Hakukuomba ukae na njaa ili mtu aliyekopa apumzike.

Na akhera usinitishie nayo. Ukikutana na Mahrous huko, mshike wewe kanzu.

Lililobaki ndilo nililolifikiria sana. Unaacha mlango wazi mchana kutwa unamngojea. Ishak, ufunge. Ulimwosha ukamzika lakini hukumlilia, ulirudi chumbani ukalala kwa sababu hukuwa na pesa ya halua. Watu wa mtaa wako hawakai siku tatu kwa ajili ya halua. Mwombe imamu akufungulie ile sabla. Nunua kahawa robo kilo na tende, basi. Kaa siku tatu. Akija mtu na dai, muulize tarehe. Kama ni kabla ya maziko, liandike. Kama ni baada, mwambie amtafute aliyechukua. Musallam akija, mpe kahawa na umuulize tarehe vile vile.

Siku ya tatu, baada ya Alasiri, simama useme matanga ya Mahrous yamekwisha. Sema kwa sauti hata kama ukumbi ni mtupu. Na kama si mtupu, kama kuna mmoja amekaa nyuma karibu na mlango na miguu yake mirefu, usimtazame usoni, usimuulize kwa nini. Mwambie kwa heri kama unavyomwambia mtu uliyempenda, vaa viatu vyako, utoke.

Kisha kaulize ile ofisi unaruhusiwa kukaa nje ya nchi siku ngapi bila maashi kukatika, na usizidishe hata moja. Hamda anakungoja kabla ya Idi ya kuchinja, na Tabora ni mbali. Kata tiketi ya kwenda na kurudi, kiti kimoja tu, ulipe taslimu.